Mgeni Hasindikizwi

Bidoni zote za maji zilikuwa zimefungwa vizuri, na zote zilikuwa tupu.

Alima alikuwa amezijaza mwenyewe asubuhi ile kwenye kisima cha jirani, akazipanga jikoni kando ya ukuta, akakaza vifuniko mpaka kiganja kikamuuma. Adhuhuri alipokuja kuchukua maji ya kusongea ugali wa bukari, aliinua ya kwanza ikapaa mikononi mwake, nusura ajipige nayo usoni. Akatikisa ya pili. Akatikisa ya tatu, akaendelea hadi mwisho wa ukuta. Sakafu ilikuwa kavu, na hakuna mtu aliyeingia. Akaketi juu ya kigoda, akautazama mlango wa chumba cha bintiye.

"Tena leo," alisema polepole.

Nyumba yenyewe iko Ruashi, mjini Lubumbashi, upande ule ambao malori ya mgodi hupita na kuacha vumbi jekundu juu ya nguo zilizoanikwa. Yusufu, mume wa Alima, aliijenga kwa faida ya bidhaa alizokuwa akivusha mpakani Kasumbalesa. Alikuwa Mwislamu wa Maniema, tena wa kujivuna, na sifa aliyoipenda kuliko zote ni kwamba nyumba ya watu wa kwao haijui kumfukuza mgeni. Aliisema harusini, aliisema matangani, aliisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Basi huyo huyo Yusufu, jioni moja akiwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, alifuatwa dirishani na mtu mmoja aliyevaa kanzu. Barabara nzima ilikuwa vumbi tupu, lakini kanzu ile haikuwa na hata chembe. Mtu yule alisema kwa Kiswahili cha pwani, kwa adabu sana, "Naomba maji." Yusufu alikuwa na bidoni nzima miguuni pake. Lakini alikuwa amechoka, ameombwa hiki na kile tangu asubuhi, na kila mkono ulionyooshwa dirishani ulikuwa unataka kitu. Akapandisha kioo. Ni hilo tu alilolifanya. Wako watu waliofanya mabaya makubwa zaidi, na wanalala usingizi mzuri mpaka leo.

Alirudi nyumbani na kiu. Alikunywa gilasi, akanywa sufuria, akanywa bidoni. Hospitali walitafuta sukari hawakuiona, wakasema figo, kisha wakasema apelekwe nyumbani. Alikufa amekumbatia bidoni kifuani, ulimi wake umekauka, umekunjamana kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juani. Siku ya arobaini, wakati wageni wa kisomo wanakula, binti yake wa pekee, Mounira, aliinuka kutoka kwenye mkeka akaja jikoni kwa mama yake.

"Naomba maji," alisema.

Sahani ilimponyoka Alima. Katika nyumba ile, na katika mji mzima wa Lubumbashi, watu husema mayi. Mounira hajawahi kusema maji tangu azaliwe.

Kuanzia siku hiyo msichana alianza kukauka. Midomo ilipasuka kwanza, kisha ngozi ya viganja, kisha sauti ikawa ya kukwaruza. Bidoni zilijaa asubuhi na kuisha kabla jua halijaegemea upande, hata siku ambazo Mounira hakuinuka kitandani. Marceline, jirani mwenye kisima, alianza kuuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Mounira, munafanyaka nini na ile mayi yote? Munauzisha?"

"Tunafua, dada yangu."

"Kila siku?"

Alima alibeba bidoni yake akaingia ndani. Alijua njia ya kiu ile inaishia wapi, kwa sababu alikwisha kumwosha mume aliyeifuata.

*

Mwalimu Idrissa alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na msikiti, na watu walimwendea kwa mashati na kwa majini pia. Alikuja akamsomea Mounira mlango ukiwa umefungwa. Alima, nje, alisikia sauti ya mwalimu ikipanda na kushuka, kisha akasikia sauti nyingine, ya upole, isiyo ya mwalimu wala ya mwanawe, ikisema: "Nilipanda na msafiri, nitashuka na msafiri."

Mwalimu alipotoka midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikunywa maji mpaka akakohoa.

"Mama Mounira," alisema, "huyu hatatoka na fimbo. Alikuya na muntu wa njia, ataenda na muntu wa njia. Tafuta mugeni. Mugeni wa mbali, peke yake, bila ndugu, bila mwenzake. Alale mu nyumba, akule na mutoto mu sahani moya. Kisha utamupatia ile kikwembe ya kujifunika yenye Mounira analalaka nayo. Umupatie na mikono mbili, na yeye mwenyewe aseme amepokea. Akivuka mupaka nayo, mutoto yako atapona."

"Na ule mugeni, atakuwa je?"

Mwalimu alitazama vidole vyake. "Uliniita juu ya mutoto yako. Juu ya mutoto ya bengine haukuniita."

Alima alimsogezea viatu vyake.

"Kitu ingine," mwalimu aliongeza, akivaa viatu. "Akishapokea, aende peke yake. Asisindikizwe. Hata na weye, hata na mutoto. Ufunge mulango nyuma yake sawa vile banafungiaka mwizi. Jini huyu aliingia bila kupokelewa, njo maana anaweza kutolewa. Siku atapokelewa na mikono mbili na mutoto mwenyewe, usiniite tena. Sina kisomo ya ile."

Jioni hiyohiyo Alima alikwenda kwa Kiki, kijana mwenye pikipiki ya taxi-moto anayeegesha konani, akamwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa tangu mume afariki, na kwamba angependa kupokea wageni wasiokuwa na pa kulala. Bure kabisa, kwa thawabu ya marehemu. Kiki alimwona mtu wa Mungu.

*

Tumpe alikuwa msichana wa Mbeya, na alikuwa bahili wa safari kuliko kawaida. Hilo halikuwa siri, kwa sababu alilitangaza mwenyewe kwenye simu yake, katika video fupifupi alizowarushia watu nyumbani: namna ya kuzunguka Afrika mfukoni ukiwa na upepo. Alikwisha kulala kwenye kumbi za kanisa, kwenye benchi za stendi, kwenye turubai la lori la mahindi. Mkoba mmoja mgongoni, chupa moja ya maji kiunoni, karanga katika mfuko mdogo mkononi. Hajawahi kulipia kitanda tangu atoke kwao, na alikuwa ameapa kufika kwenye yale maporomoko makubwa ya Zambia, kisha kusini zaidi, bila kukilipia.

Lubumbashi ilimkata maini. Alipouliza bei ya chumba mjini alicheka, akidhani anataniwa, na mwenye nyumba ya wageni hakucheka. Ndipo Kiki akamkuta barabarani, mkoba umemwelemea.

"Kuko mama moya ku Ruashi," Kiki alisema. "Anapokeaka bageni bure."

"Bure bure?"

"Bure. Yeye mwenyewe anabatafuta."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini mjane awatafute wageni kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Tumpe alisikia neno moja tu katika yale yote, akapanda pikipiki.

Alifika jua likiwa kali. Alipiga hodi, akaegemea geti huku jasho likimtiririka, na Alima alipofungua, msichana yule akasema kama alivyofunzwa na mama yake kuomba, kwa adabu, kwa Kiswahili cha kwao, "Shikamoo mama. Naomba maji."

Alima alirudi hatua moja nyuma. Alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akaona viatu vyenye vumbi, soli ya kushoto imebanduka. Vumbi lile lilimtuliza. Ni binadamu. Akamletea maji, akamtazama akinywa, na moyoni alisema neno ambalo hata yeye hakulipenda: huyu.

"Karibu, mutoto yangu. Hapa njo kwako."

Tumpe alipewa godoro katika chumba cha Mounira. Alikula bukari na kisamvu, sombe ya kwao, katika sahani moja na msichana mgonjwa, na hakuona shida, kwani kwao pia watoto hula sahani moja. Aliambiwa ni figo, akasema pole. Usiku haujaingia akawa amekwisha kumsuka Mounira nywele, anamsimulia jinsi alivyofukuzwa na mbuzi dume stendi ya Tunduma, na Mounira, ambaye alikuwa hajacheka tangu arobaini ya baba yake, akacheka mpaka mdomo ukapasuka ukatoka damu.

Alima aliwasikiliza akiwa jikoni, akauma ncha ya kitambaa chake. Alikuwa ameomba mgeni. Hakuomba mgeni mzuri.

Kila jioni mama yake Tumpe alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Mbeya, na Tumpe aliusikiliza simu ikiwa juu, nyumba nzima isikie.

"Tumpe, umekula? Umelala kwa nani leo? Huyo mama mwambie namshukuru sana. Mwambie mtoto wa mwenzio ni wako. Mungu ambariki na watoto wake."

"Umesikia, mama?" Tumpe alisema akicheka. "Unasalimiwa."

"Mumusalimie naye," Alima alijibu, akageuka kuelekea kwenye moto ambao haukuhitaji kutazamwa.

*

Siku iliyofuata walikuwa wamekaa kitandani wawili, na Tumpe alikuwa akieleza kuhusu maporomoko anayoyaendea, jinsi mto mzima unavyojitupa korongoni mchana na usiku bila kukoma, moshi wake ukionekana kutoka mbali.

"Maji mengi kiasi gani?" Mounira aliuliza.

"Eh! Umeshajua Kiswahili cha kwetu!" Tumpe alimpiga kibao cha utani pajani. "Mengi. Huwezi kuyamaliza."

"Nitayamaliza," alisema Mounira kwa sauti ya upole, na macho yake yalikuwa yanamtazama Tumpe kooni.

Tumpe alicheka, ila kicheko kiliishia katikati.

Alasiri Alima alitoka kwenda sokoni, umeme ukakatika, na nyumba ikawa kimya, kimya kile cha joto ambacho hata nzi hukichoka. Tumpe alijinyoosha kwenye godoro. Alikuwa karibu kusinzia aliposikia mtu anakunywa jikoni. Glu, glu, glu, mfululizo, bila kupumua. Akadhani ni Mounira ameinuka, akafurahi kwamba mgonjwa ana nguvu, kisha akageuza kichwa na kumwona Mounira amelala kitandani, mikono juu ya kifua, mdomo umefungwa, lakini koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, sawasawa na mlio wa kule jikoni.

Tumpe aliinuka. Angeweza kutoka nje, mlango ulikuwa karibu, na baadaye hakuelewa kwa nini miguu ilimpeleka upande ule mwingine, akipapasa ukuta wa ukumbi uliokuwa na joto kama paji la uso la mwenye homa, huku harufu ikimjia, harufu ya jiwe lililochomwa kutwa nzima kisha likamwagiwa maji, na kadiri alivyokaribia ndivyo ule unywaji ulivyozidi kuwa na pupa, mpaka akachungulia jikoni na kuona bidoni zimesimama palepale zilipopangwa, vifuniko vimekazwa, na moja kati yao, ya tatu kutoka mlangoni, ilikuwa inakunjamana yenyewe, plastiki ikiingia ndani kwa mlio wa krap, krap, kama inayofyonzwa na mtu aliyebana mdomo mahali pasipo na tundu, mpaka ikabaki bapa, ikapumua, ikajikunjua tupu. Kisha ile ya nne ikaanza.

Alikimbilia barazani. Alima aliporudi kutoka sokoni alimkuta pale amejikunyata, ameshika chupa yake kwa mikono yote miwili.

"Mama, kuna kitu jikoni," alinong'ona. "Kinakunywa."

"Ni joto," Alima alisema bila kumtazama. "Bidoni ya China, joto ikiipiga inalialia."

"Mama, nimeona."

"Umechoka na njia, mutoto yangu."

Tumpe alitaka kuondoka saa ileile. Aliinuka, akaingia, akaanza kukunja nguo, akafikiria nyumba ya wageni ya mjini na yule mwenyewe asiyecheka, akafikiria maporomoko na njia yote iliyobaki. Akajiambia kwamba ni usiku mmoja tu, kwamba bidoni haziumi mtu, kwamba mwanamke anayelisha wageni bure hawezi kuwa na ubaya. Akakunjua nguo tena. Ubahili wake ulimwokoa mara nyingi njiani, na jioni ile ndio uliomfungia mlango.

Mlango wa chumba cha Alima nao ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameketi kitandani upande wa Yusufu. Alimfikiria yule mama wa Mbeya na dua zake. Alimfikiria Mounira, ambaye mchana huo, alipomfuta uso, ngozi ilikuwa imetoka na kitambaa. Alizipima roho zile mbili kwa muda mrefu, na hatuwezi kusema hakuumia. Aliumia. Lakini tangu mwanzo alijua atachagua nini, na kuumia kwake hakukumsaidia Tumpe kwa lolote.

*

Asubuhi ilikuwa ya baridi, baridi ile ya kiangazi cha Lubumbashi, ambacho mchana huchoma na asubuhi huwatoa watu moshi mdomoni. Tumpe alikuwa tayari, mkoba umejaa pomoni. Alima alitoka na kikwembe mkononi, kitenge cha rangi ya machungwa chenye ndege wa bluu, kilichokunjwa vizuri. Hakuwa amekifua. Kilikuwa na harufu ya jiwe lililochomwa, lakini kwa mbali sana.

"Kwetu mugeni haendake mikono tupu," alisema. "Hii ni ya mutoto yangu. Sasa ni yako."

"Jamani, mama! Hapana, ni kizuri mno."

"Pokea."

Tumpe alipiga magoti kidogo, kama wafanyavyo kwao, akanyoosha mikono yote miwili.

"Asante, mama."

"Sema umepokea. Kwetu njo vile."

"Nimepokea."

Hakukuwa na radi wala upepo. Tumpe alimeza mate tu, akameza tena, akashika koo. Kisha akachukua chupa yake kiunoni akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo, akacheka kwa aibu.

"Kiu imenishika ghafla. Naomba nijaze tena?"

"Jaza," Alima alisema. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Tumpe, kwenye mlango wa chumba, ambapo Mounira alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Midomo yake ilikuwa na unyevu.

"Mama," alisema Mounira kwa sauti yake ya zamani, sauti ya mtoto aliyedekezwa, "niko na njala. Kuko bukari?"

Alima aliangua kilio pale pale. Tumpe akamkumbatia, akidhani anaagwa.

Walitoka uani. Jikoni Tumpe alikuwa amekunywa kopo la pili na la tatu, na sasa alikuwa anahangaika kuuinua mkoba, akiyumba kidogo, jasho limemtoka kwenye baridi ile. Alima alishika geti. Lilibaki jambo moja tu: mgeni atoke, geti lifungwe. Alikuwa amelikazia moyo usiku mzima.

Marceline alikuwa kwenye ua wake anafagia. Aliacha kufagia.

"Ee, mama Mounira! Mugeni anaenda na ile muzigo yote, hata muntu wa kumusindikiza hakuna? Vraiment, kweli! Sawa vile mwizi?"

Uso wa Alima uliwaka. Tangu aolewe katika ukoo wa Yusufu hakuna mgeni aliyetoka kwenye nyumba yake bila mtu wa kumbebea mzigo hadi barabarani. Hata mdai husindikizwa. Marceline angelisimulia jambo hili kisimani, na kisimani Ruashi nzima inachota.

"Mama, namusindikiza," Mounira alisema. Alikwisha kuukamata mfuko mdogo wa Tumpe. Miguu ilikuwa inamtetemeka, lakini alikuwa anatabasamu. "Paka ku kona. Kiki iko kule."

Alima alimtazama mwanawe aliyesimama. Alimtazama Tumpe, ambaye alikuwa anameza mate yasiyokuwepo na bado anamshukuru. Kumpa mgeni kifo aliweza. Kumkosea adabu mbele ya jirani hakuweza.

"Paka ku kona," alisema. "Urudi mbio."

*

Njia ya kwenda konani si ndefu. Mounira alitembea polepole, akivuta hewa kama mtu aliyetoka gerezani. Hakuwa na sweta. Alikuwa na blauzi nyepesi ya kulalia, na baridi ilimfanya agonganishe meno.

Kiki alikuwa anapasha moto pikipiki. Tumpe alitua mkoba, akajaribu kukiingiza kikwembe, zipu ikakataa. Akajaribu tena. Kichwa kilikuwa kinamuuma na ulimi ulikuwa umenata juu ya kinywa. Akamtazama Mounira anavyotetemeka, mtoto aliyetoka kuumwa, aliyeacha kitanda kwa ajili ya kumbebea mfuko. Akaona haya. Siku mbili zile alikuwa amekula bure, amelala bure, na mkononi hakuwa na chochote cha kuacha.

"Njoo hapa," alisema, akakikunjua. "Mkoba wenyewe haufungi. Na wewe unaumwa na baridi."

"Hapana, Tumpe. Mama amekupatia weye."

"Si changu? Basi changu nakupa wewe. Ukikivaa unikumbuke."

Mounira alisita kidogo. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, katika nyumba ya watu wanaojua adabu, na tangu utoto aliambiwa kwamba kitu cha mkubwa hakikataliwi, na hakipokewi kwa mkono mmoja. Akakunja magoti kidogo. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimepokea," alisema.

Tumpe alimfunika mabega, akambusu shavuni. Kwenye basi la kwenda Kasumbalesa aliwatengenezea watu wa nyumbani video. Alisema watu wa Lubumbashi wana moyo wa dhahabu, na kwamba anayetaka kusafiri bila pesa aanzie Ruashi. Chupa yake ilikuwa imejaa mapajani. Alikuwa ameisahau, kwa sababu hakuwa na kiu hata kidogo.

*

Alima alikuwa amesonga bukari, laini, kama Mounira alivyopenda alipokuwa mdogo. Bidoni zilikuwa zimejaa ukutani. Alizigusa moja moja, akacheka peke yake kama kichaa. Akasikia geti.

"Kuya, mutoto yangu, itapoa!"

Mounira aliingia. Alima aliona ndege wa bluu kwanza, kisha akaona rangi ya machungwa, kisha akaona jinsi mwanawe alivyokishika kile kitambaa kifuani.

"Tumpe amenipatia," Mounira alisema. Sauti bado ilikuwa yake, ila ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeitia kutoka ndani ya kisima. "Nilimwambia hapana, mama. Mama, juu ya nini koo yangu—"

Alima alikimbia bila viatu mpaka kibandani kwa Mwalimu Idrissa. Alianguka mlangoni. Mwalimu alisimamisha cherehani.

"Alimusindikiza?"

"Paka ku kona, mwalimu. Paka ku kona tu."

"Alipokea?"

Alima alilia. Mwalimu alimwangalia. Kisha akakanyaga pedali, sindano ikaanza kutembea juu ya kitambaa, na hakuinua tena kichwa mpaka mwanamke yule alipoondoka.

Aliporudi nyumbani bukari ilikuwa imepoa mezani, haijaguswa. Bidoni zilikuwa zimelala sakafuni, zote bapa. Mounira alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama yake, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kikwembe kimemkaa vizuri mabegani. Hakikuwa na hata chembe ya vumbi.

"Asante kwa kunipokea, mama," alisema kwa adabu sana. "Safari hii sitaondoka. Naomba maji."

Alima aliinama sakafuni. Kisha akaokota bidoni moja, akaipuliza ijikunjue, akaenda kisimani.